Mama Anayefungua Maji

Gari la maji halikuja.

Tulilisubiri tangu mchana, mimi na Dolphine, tumekalia mitungi mitupu kando ya jiko la mawe nyuma ya nyumba ya Mathews. Kazi yetu ni kupika matangani. Ukifiwa, unatupigia simu Kisumu, tunakuja na masufuria na miiko yetu, tunalisha wageni wako mpaka umzike mtu wako. Tulikuwa tumetoka matanga mengine upande wa Bondo na hatukupata hata siku ya kupumzika. Miguu yangu ilikuwa imevimba mpaka viatu havikuingia. Nilivaa malapa ya kuazima na nilisinzia nikiwa nimekaa, macho yamefunguka.

Marehemu aliitwa Adero, mke wa Mathews. Sikuwahi kukutana naye. Nilichojua ni kile ambacho wanawake wa pale walinong'ona wakichambua mboga: kwamba alikuwa mshonaji, kwamba hakuwa mtu wa kuugua, kwamba macho yake yaligeuka manjano na tumbo likajaa, na kwamba hakumaliza hata mwezi tangu alipoanza kutapika. Boma lao liko Seme, ukishapita Kombewa, kwenye mteremko. Ukisimama jikoni unaona ziwa lote.

Na ziwa siku hizo lilikuwa kijani.

Sisemi kijani cha magugu. Magugu tumeyazoea. Hiki kilikuwa kijani cha rangi ya kupaka mlango, kizito, kimetanda kutoka ufuoni mpaka macho yanapoishia. Upepo ulivuma lakini mawimbi hayakuinuka. Yalijikunja polepole tu, kama uji ulioanza kuganda. Harufu yake ilipanda mlima ikatukuta jikoni. Kabichi iliyooza. Zizi la nguruwe. Na chini yake kitu kingine kitamu kitamu, ambacho sikukijua.

Jua lilipoanza kushuka, dereva wa gari la maji akapiga simu. Gari limevunjika ekseli. Labda kesho.

Kisima cha shule nacho pampu ilikuwa imeungua zamani na hakuna aliyekuja kuitengeneza. Kwaya ya kanisa ilikuwa imeshafika, imekaa chini ya hema ikiimba na koo kavu. Mwili ulikuwa njiani kutoka mochari.

"Nasike," Dolphine akaniambia, "enda ziwa ulete ya chai peke yake. Tutachemsha."

"Mathews alikataza."

"Mathews ana yake mengi leo. Watu wakikosa hata chai, ni sisi watasema."

Alikuwa amechoka kama mimi. Sote wawili hatukuwa na nguvu ya kubishana. Nikapanga mitungi kwenye wilbaro nikaanza kuteremka.

Njia ilikuwa tupu. Huo ni wakati ambao kwa kawaida unakutana na wanawake wanapanda na ndoo, ng'ombe wanarudi, watu wanasalimiana. Sikukutana na mtu. Vyura hawakulia. Wale ndege weupe wanaotembea ufuoni hawakuwapo. Nilisikia gurudumu la wilbaro likilia, na pumzi yangu.

Karibu na maji kulikuwa na mbwa amelala. Nikampigia mluzi apishe. Hakuinuka. Nilipomfikia nikaona mdomo wake una povu la kijani, na inzi hawakumgusa.

Hata inzi.

Nikasimama pale na mtungi mkononi. Maji... hakukuwa na maji. Kulikuwa na utando mnene kama ngozi ya maziwa, na ndani yake samaki wadogo, mbuta, wamekufa, matumbo juu. Nikajaribu kuusukuma kwa mtungi. Ukafunguka kidogo, ukajifunga tena kabla sijachota. Nikajaribu tena. Ukajifunga. Nilitaka kulia, si kwa woga, kwa uchovu tu. Nilijiona nikipanda ule mlima na mitungi mitupu na kwaya yote ikinitazama.

Ndipo nikasikia sauti.

"Ngoja nikufungulie."

Alikuwa amesimama ndani ya ziwa, utando ukimfika magotini. Sijui alikuwa pale tangu lini. Mama wa makamo, leso kiunoni, kitambaa kichwani, kama mama yeyote wa pale. Mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka kwenye viwiko. Nikadhani ni utando umemshika.

Lakini alisema kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, ambayo haisemwi pale.

Nimeishi Kisumu miaka mingi. Kibukusu nakiongea kwa simu tu, na kile ninachokiongea kimeshachanganyika. Chake kilikuwa safi, cha polepole, cha wazee wa kwetu waliokwisha kufa. Niliposikia, kitu ndani ya kifua changu kikalegea. Nilijisikia kama mtoto aliyeambiwa aje alale.

Akainama. Akaupitisha mkono juu ya utando, hivi, kama mtu anayekunja shuka. Ukafunguka. Ukabaki wazi. Chini yake maji yalikuwa meusi kwa usafi, nikaona mpaka kokoto za chini.

"Chota."

Nikachota. Mtungi wa kwanza, wa pili, yote. Hakuna tope wala jani lililoingia. Yeye alisimama akinitazama, mkono wake bado juu ya maji. Nilipofunga kifuniko cha mwisho akauliza, kwa sauti ndogo sana:

"Ni ya nani?"

"Ya matanga," nikasema. "Ya watu waliokuja kumzika Adero."

"Wote?"

"Wote."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata zaidi ya alichoomba.

Nilimshukuru. Nilimwambia akae salama, nikageuza wilbaro. Nilikuwa nimekwisha kupanda kidogo nilipokumbuka kwamba sikumwuliza ni wa wapi kwetu. Nikageuka.

Utando ulikuwa umejifunga. Laini. Hakuna shimo, hakuna njia ambayo mtu angeipitia kutoka, hakuna kiwimbi.

Hakuna mtu.

Halafu nikafanya kile ambacho mtu aliyechoka hufanya. Nikasukuma wilbaro.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua njia nzima ya kurudi. Nilinusa mikono yangu, nikanusa mtungi. Ziwa lote lilinuka, nguo zangu zilinuka. Maji yale hayakuwa na harufu kabisa. Hata ile ya maji.

"Ai, hii maji safi namna hii umetoa wapi?" Dolphine akauliza. Alikuwa ameshamimina kwenye sufuria kubwa, moto unawaka vizuri. Uso wake ulipata nuru kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kuna mama alinifungulia."

Nilisema hivyo tu. Nikaketi, nikanyoosha miguu. Chai ilichemka haraka. Dolphine akatia majani, akatia maziwa na sukari, akachota kwenye kikombe akaonja, kama mpishi yeyote anavyoonja. Akanywa kikombe kizima, maana na yeye alikuwa na kiu.

"Sukari bado," akasema.

Lorine alikuwa amekaa karibu nasi akikata sukuma wiki. Huyu ni mdogo wake Adero, ana saluni Bondo, na ndiye aliyekaa na dadake hospitalini mpaka mwisho. Siku nzima hakuwa amesema neno. Sasa niliona kisu chake kimesimama.

"Mama gani?" akauliza.

"Simjui. Alikuwa ndani ya maji."

"Aliongea lugha gani?"

Swali hilo lilinifanya nikae wima. "Kibukusu. Cha wazee."

Lorine akaweka kisu chini. Akanong'ona, bila kunitazama:

"Adero aliambia mimi huyo mama aliongea Dholuo. Ile ya dani yetu, nyanya aliyetulea. Maneno yenyewe siku hizi hakuna mtu anatumia." Akanigeukia. "Alikuuliza hiyo maji ni ya nani?"

Moto ulilia. Kule hemani kwaya ilikuwa imeanza wimbo mwingine.

"Aliniuliza."

"Ukasema ni ya nani?"

Nilitazama moto.

"Ya watu wote wa matanga."

Lorine akafunga macho. Halafu akaeleza, kwa sauti ya chini, harakaharaka, kama mtu anayetaka kumaliza. Ziwa lilipobadilika rangi, Adero alikuwa akienda jioni kutafuta maji, na kulikuwa na mama aliyekuwa akimfungulia. Kila jioni alimwuliza ni ya nani. Jioni moja Adero, amechoka na cherehani tangu asubuhi, akamjibu ni ya mbuzi, ili waachane. Mbuzi wakafa. Kesho yake mama akauliza tena, na Adero akamjibu, 'Ni yangu mimi.'

"Pale kitandani aliongea hiyo tu," Lorine akasema. "'Ningesema tena ni ya mbuzi.' Daktari akasema ini imeharibika, inafanya mtu aongee ovyo. Na mimi nikaamini, kwa sababu ningeamini nini?"

Nikasimama. Miguu iliuma lakini nilisimama.

"Dolphine, tumwage."

"Tumwage nini? Imechemka. Kitu gani kinapona kwa moto kama huu?"

"Tumwage tu."

"Na watu?"

Mathews akatutokea wakati huo. Alikuwa mwanamume mrefu aliyekuwa ameanza kuinama. Suti ya mazishi ilimkaa kama ya mtu mwingine. Akauliza chai imefika wapi, watu wanauliza, mwili uko Kombewa unaingia sasa hivi. Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia nimechota ziwani ingawa alikataza, nikamwambia kuhusu mama.

Alinisikiliza akitazama sufuria.

"Mimi nilikunywa hiyo maji na Adero," akasema mwishowe. "Nyumba moja, kikombe kimoja. Mbona mimi niko?"

Kisha Lorine akasema, polepole, kama anayemtoa mtu mwiba:

"Wewe hakukutaja, shemeji."

Mathews aliinua mkono akaushika mdomo wake mwenyewe. Alikaa hivyo. Halafu akatafuta vitambaa viwili vya jikoni, akashika masikio ya sufuria, nami nikashika upande wa pili. Tukaipindua. Chai yote ikashuka mteremko ikifuka moshi, ikapita chini ya ua, kuelekea pale bata wa jirani wanapolala. Mitungi nayo tukaimwaga hapohapo.

Watu waliona. Haikuwezekana wasione. Vijana kadhaa wakaja kutoka hemani, mmoja akauliza kwa nini chai ya wageni inamwagwa chini. Mwanamke mmoja aliyekuwa amesikia nusu ya maneno yetu akayapeleka hemani, na yakarudi yakiwa mengine. Nikasikia neno likipita kutoka mdomo hadi mdomo.

Jajuok.

Mchawi. Walikuwa wananitazama mimi.

"Huyu mama si wa hapa," mmoja akasema. "Ameenda ziwani peke yake giza ikiingia. Amerudi na maji safi, na sote tunajua ziwa iko namna gani. Kwa nini yeye peke yake ndiye ameona huyo mtu?"

Walisogea. Sikukimbia. Nasema kweli, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliwaza tu: kama ni kunipiga, basi wanipige nikiwa nimekaa. Dolphine alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi, unatoa jasho.

Mathews akaja akasimama mbele yangu.

"Si yeye peke yake," akasema. Sauti yake haikupanda. "Bibi yangu Adero pia alimwona. Aliniambia. Nilimcheka."

Ving'ora vya gari la mochari vikasikika barabarani. Wanawake wakaanza kulia, na wale vijana wakalazimika kwenda kubeba jeneza. Dereva wa gari hilo, baada ya kushusha, ndiye aliyerudi na mitungi yetu mpaka Kombewa akatuletea maji. Watu walikula wamechelewa, na wengi walikula bila kunitazama.

Kulipopambazuka bata wote wa jirani walikuwa wamelala chini ya ua, shingo zimenyooka. Na Dolphine alikuwa nyuma ya nyumba, amepiga magoti, anatapika kitu cha kijani.

Sikuona mazishi ya Adero. Nilikuwa nyuma ya pikapu na kichwa cha Dolphine kwenye mapaja yangu, tunaelekea Kisumu. Njiani aliniuliza mara nyingi kama nilikuwa nimewahi kumtaja kwa jina. Nikamwambia hapana. "Lakini ulisema wote," akasema. Nikakubali kwamba nilisema wote. Hakuniuliza tena.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana mwenye macho mekundu, naye inaonekana hakuwa amelala. Nilimweleza kuhusu ziwa. Hakushangaa. Alisema ule ukijani ni mwani, vijimea vidogo kuliko macho yanavyoweza kuona, vinavyonenepa kwa mbolea na uchafu unaoteremka kutoka mashambani na mjini. Baadhi yavyo vina sumu ndani, sumu ya kula ini. Kuchemsha hakusaidii kitu. Na vikifa, maji yanaweza kuonekana safi huku sumu imebaki humo humo, haionekani.

"Kwa hiyo yale safi..."

"Yanaweza kuwa mabaya kuliko ya kijani," akasema. "Upepo hufungua utando wakati mwingine. Watu huchota hapo."

"Na mama niliyemwona?"

Nadhani alitaka kuwa mpole.

"Ulikuwa umelala masaa mangapi, mama, siku hizo?"

Nilikuwa sijalala, ni kweli. Lakini Adero alikuwa amelala nyumbani kwake kila siku, na uchovu wangu haukumfundisha mtu yeyote Kibukusu cha wazee.

Dolphine alipona. Nashukuru Mungu. Alikaa hospitalini mpaka macho yake yakarudi meupe, kisha ndugu zake wakaja wakamchukua wakampeleka kwao Vihiga. Hatupiki tena pamoja. Nikimpigia simu tunaongea vizuri, tunaulizana watoto, na mara nyingine katikati ya maneno ananyamaza, nasikia anavuta pumzi, halafu anasema ana kazi.

Baada ya muda nilirudi Seme, kwa sababu sufuria yangu kubwa ilibaki kule. Mathews hakuwepo. Lorine ndiye aliyenitolea. Alikuwa amefunga saluni yake na kuja kulea watoto wa dadake. Tulikaa kidogo. Aliniambia kaburi limeanza kuota nyasi. Hatukutaja jambo lingine. Nilipoondoka nikaamua kutembea mpaka barabara kubwa kwa njia ya ufuoni, kwa sababu ni fupi, na kwa sababu ziwa lilikuwa limebadilika.

Lilikuwa la bluu. Mawimbi yalipiga kokoto kama kawaida. Ndege weupe walikuwa wamerudi. Jua lilikuwa linashuka, na kwenye njia niliwaona wanawake wakiteremka kwa mstari, ndoo na mitungi mikononi, wanaongea.

Niliwasimamisha. Sikujua nitaanzaje, nikasema tu yale ya daktari. Kwamba hata yakiwa safi, mwani ukifa sumu inabaki. Kwamba wasichemshe wakadhani wamepona. Kwamba wasubiri. Walinisikiliza kwa heshima. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyebisha. Nilipomaliza, mama mmoja mzee kati yao, mwembamba, mwenye mtungi mgongoni umefungwa kwa kamba, akasema:

"Ero kamano, nyathina. Asante, mwanangu. Lakini tutakunywa nini?"

Nikamwuliza pampu ya shule. Akasema bado. Nikamwuliza gari la maji. Akatabasamu tu.

Nikasogea karibu yake, nikashusha sauti. "Na yule mama, mnamjua?"

Wengine walitazama chini. Mama mzee hakutazama chini.

"Tunamjua. Mama zetu walimjua, kabla ziwa haijaharibika hivi. Zamani alikuwa anakuja mara moja kwa miaka mingi. Siku hizi anakuja sana." Akavuta kamba ya mtungi ikae vizuri begani. "Akituuliza, tunasema ni ya kufua nguo. Kila siku, ya kufua nguo. Na nguo zetu zinaoza, unaona?"

Akaninyooshea ukingo wa leso yake. Nikaugusa. Ulikatika kwenye vidole vyangu kama jivu.

"Basi mnajua cha kujibu," nikasema.

"Tunajua." Alianza kuteremka, akasimama, akanigeukia. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajakaa chini tangu asubuhi. "Shida ni ile siku umechoka sana, mtu anakuuliza kwa upole, na unajibu ukweli."

Wakaendelea kwenda, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka wakafika majini. Nilikuwa na sufuria yangu kichwani na barabara ilikuwa bado mbali. Niliona wa kwanza akiinama kuchota. Niliona kichwa chake kikiinuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina, na mdomo wake ukaanza kusema kitu.

Upepo ulivuma kutoka kwangu kwenda kwao. Sikusikia alijibu nini.